Matroni wa Rangi ya Ufizi

Mama mkwe aliposhusha begi lake mlangoni kwa binti yake, meno ya juu hakuwa nayo hata moja, na ya chini yalikuwa yamebaki ya kuombea dua. Alikuja kutengenezewa mengine, na wa kuyatengeneza alikuwa mkwewe mwenyewe, maana hiyo ndiyo kazi iliyomweka mjini: fundi wa meno bandia. Mtaani walimwita Fundi Meno. Chumba chake cha kazi kilikuwa ubavuni mwa sebule, na humo mlikuwa na meza ndefu, taa ya spiriti, ndoo ya plasta, na rafu iliyojaa mataya meupe yaliyokenua kama yamesikia utani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Za safari?"

"Nzuri."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Hapo maneno yakaisha. Tangu amwoe binti yake, mazungumzo yao hayakuwahi kuvuka kizingiti hicho. Hawakuwa na ugomvi wowote. Heshima tu ilikuwa imejaa kati yao hadi haikubaki nafasi ya neno. Wakikutana kwenye korido kila mmoja alibana ukutani kumpisha mwenzake, wakabaki wote wamebana na korido iko tupu.

Nyumba hiyo ilikuwa na wazimu wake wa Jumamosi mchana, nao uliitwa Patashika. Ulikuwa mchezo wa ubaoni, wa visanamu na kadi. Wapiganaji wake walitolewa kwenye hadithi zisizojuana kabisa, wakatupwa uwanja mmoja wamalizane: Malkia wa Nyuki, Jini la Birika, Rubani wa Mwezini, Mpishi wa Jeshi aliyepiga watu kwa mwiko. Kila mmoja alikuwa na kadi za ujanja wake, idadi ya pumzi zake, na udhaifu wake. Malkia wa Nyuki aliogopa moshi. Jini hakuweza kwenda mbali na birika. Ukiishiwa pumzi umetoka, na anayebaki amesimama ndiye bingwa.

Wachezaji walikuwa watatu: Fundi Meno, mke wake aliyefanya kazi ofisi ya hali ya hewa, na ndugu wa mke, fundi bomba ambaye kila mtu alimwita Koki. Walikuwa wameucheza mchezo huo hadi pembe za kadi zikaota ndevu. Kampuni iliyoutengeneza ilikuwa imetoa nyongeza moja tu, uwanja wa Kasri la Barafu, kisha ikanyamaza kama imemezwa na ardhi. Kwa hiyo nusu ya kila Jumamosi iliishia kwenye kutamani: wangeletewa nani, wangeongezewa nini.

"Mimi nataka joka," alisema Koki Jumamosi ile mama yake alipokuwa kiti cha pembeni na kikombe chake cha chai. "Vichwa vitatu. Kila kichwa na zamu yake."

"Kila siku joka," dada yake akamjibu. "Mwaka jana lilikuwa na viwili."

"Limekua."

"Mimi namtaka mtabiri wa hali ya hewa. Anatangaza mvua, linawaka jua. Adui anafungua mwavuli, anaungua. Huyo hashindiki, kwa sababu hata yeye mwenyewe hajui atakachofanya."

"Huyo si ni wewe?"

"Ndiyo maana nakwambia hashindiki."

Fundi Meno yeye hakutaka mpiganaji. Alitaka uwanja: jengo la ghorofa lenye lifti mbovu. "Jini apande ngazi na birika lake kichwani kama watu wengine," alisema, kisha akakumbuka nani amekaa pembeni, akashusha sauti.

Mchezo hunoga kwa watu wanne. Koki akamgeukia mama yake. "Mama, njoo ushike mkono wa nne."

"Mimi na vita wapi na wapi?"

"Njoo tu."

Mama mkwe akaja. Akavaa miwani, akawanyanyua wapiganaji mmoja mmoja kama anayekagua mboga sokoni.

"Huyu aliyevaa ndoo kichwani?"

"Rubani wa Mwezini. Ile ni kofia ya hewa. Anapiga akiwa mbali."

"Na huyu mwenye mwiko?"

"Mpishi wa Jeshi."

Akawarudisha wote. "Hawa wote wanajua kupigana. Anayejua kuamua ugomvi ni nani?"

Koki akacheka. "Mama, huu ni mchezo wa kupigana. Ukiamua ugomvi, mchezo umekwisha."

"Basi si ndiye ameshinda?"

Walitazamana. Mama mkwe akaendelea, maneno yenye "s" yakimtoka na upepo. Alikuwa amefanya kazi ya umatroni katika bweni la wasichana tangu nywele zake zikiwa nyeusi hadi zilipogeuka rangi. "Mkitaka kuongeza mtu, ongezeni Matroni. Ana tochi. Tochi ikikumulika usoni huna ujanja, unataja jina lako na kitanda chako. Ana ndala laini, humsikii akija. Ana shada la funguo, hakuna mlango unaomzuia. Na akisema taa zimezimwa, zimezimwa. Awe jini, awe nyuki, analala."

"Mama!" binti yake akasema, macho yamemtoka.

"Nini? Nimeamua mapigano mengi kuliko hao wote walivyopigana. Watu wanatupiana ndoo za maji usiku, wanang'oana nywele, mimi naingia na tochi tu."

Kesho yake, Fundi Meno alipomaliza kupanga meno ya mteja, mkono wake wenyewe ulikwenda kwenye kipande cha nta. Akaanza kuchonga. Kuchonga alikuwa anakuweza; kuongea na mama mkwe ndiko kulikomshinda. Kila mama mkwe alipopita mlangoni alimtupia jicho la wizi: anavyosimama mkono kiunoni, anavyoinamisha kichwa akimsikiliza mtu asiyemwamini. Akachonga tochi, akachonga funguo ndogo kama punje, akachonga hata mshono wa ndala. Kisha akakizungushia kisanamu plasta, akayeyusha nta, akamimina ile dawa anayotengenezea fizi bandia, maana ndiyo aliyokuwa nayo. Dawa hiyo ni ya rangi moja tu.

Asubuhi akakiweka kando ya kikombe cha mama mkwe, akajifanya anatafuta sukari.

Mama mkwe akakinyanyua, akakigeuza, akakisogeza karibu na dirisha.

"Mbona nimekuwa rangi ya ufizi?"

"Ndiyo niliyonayo, mama."

"Na kiuno hiki?"

Fundi akaacha sukari, akasogea. "Nikipunguze, mama?"

"Nani amesema kipunguzwe? Ndicho kiuno changu." Akakiweka tena mezani, taratibu, kikitazama upande wake. Akanywa chai. Siku hiyo kwenye korido alipita bila kubana ukutani.

Mke wa fundi ndiye aliyeandika kadi za Matroni, na Jumamosi iliyofuata nyongeza yao ya kwanza ikaingia uwanjani. Ilikuwa balaa. Matroni alifungua geti la Kasri la Barafu kwa funguo zake, akamnyemelea Malkia wa Nyuki kwa ndala, akammulika Jini la Birika hadi naye akataja kitanda chake. Kila Koki alipotaka kushambulia, mama yake aliweka kadi mezani na kutamka kwa sauti ileile ya bwenini: "Taa zimezimwa." Wote waliomkaribia wakapoteza zamu.

"Hii si haki!" Koki alilalamika. "Kila mpiganaji ana udhaifu wake. Wa Matroni ni upi?"

"Hana."

"Kila mtu anao, mama."

"Matroni hana. Tuendelee."

Wakabishana. Koki akapendekeza Matroni awe na maumivu ya mgongo. Akatazamwa kwa jicho hadi akajifanya anahesabu kadi zake. Binti akapendekeza betri za tochi ziishe. Mama akasema matroni asiyebeba betri za akiba si matroni. Fundi Meno alipoulizwa alisema, "Mama anavyoona yeye," akainama.

Mama mkwe alishinda mchezo huo na uliofuata. Wa tatu ulibaki yeye na mkwewe. Matroni alikuwa na pumzi moja, amekwama kwenye kona ya kasri, na Fundi Meno alikuwa ameshika kadi ya Rubani ya kumpiga kutoka mbali. Aliitazama. Akamtazama mama mkwe. Utampigaje mama wa mke wako, tena ndani ya sebule, mbele ya watoto wake? Akairudisha mkononi, akaweka nyingine isiyo na maana. Zamu iliyofuata Matroni akamnyemelea akammaliza.

Koki akapiga makofi. Mama mkwe hakufurahi. Alinyoosha mkono, akachomoa kadi ya pili kutoka kwenye zile alizoshika mkwewe, akailaza mezani ikitazama juu.

"Ulikuwa nayo hii."

"Sikuiona, mama."

"Mkwe. Miaka yote ile wasichana wamejifunika shuka gubigubi wakinikoromea, nikipita tu, tochi sijawasha, namjua aliyelala na anayejifanya amelala. Umeniachia." Akainuka. "Mimi si mgonjwa."

Akaingia chumbani. Kisanamu kikabaki ubaoni peke yake na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Salamu zilirudi kuwa zile zile, ila sasa hata "za kazi" haikuulizwa. Fundi akamwendea mkewe jikoni.

"Nimekosa nini? Nimemheshimu tu."

"Hapo ndipo ulipokosea," mkewe akamwambia akiendelea kuosha vyombo. "Mgeni ndiye anayeachiwa. Mama anataka kupigwa kama sisi."

"Nimwambieje hayo? Nikifungua mdomo mbele yake nasahau hata jina langu."

"Tafuta siku asiyoweza kukujibu."

Siku hiyo ilijileta yenyewe. Meno yalikuwa yamefika hatua ya kujaribiwa: yamepangwa kwenye nta, bado hayajawa magumu, na lazima yavaliwe ili ionekane kama yanakutana vizuri. Kazi hiyo ilifanyika kwa daktari wa meno, na fundi alikuwapo ili aone pa kurekebisha. Mama mkwe akalazwa kwenye kile kiti cha kuegemea nyuma, taa usoni, kitambaa kidevuni. Daktari akamtia meno ya nta juu na chini.

"Funga mdomo, mama. Uma taratibu. Usiongee hata neno, nta itahama. Kaa hivyo hivyo kwanza." Kisha akageuka kutafuta kioo.

Fundi Meno aliona hiyo ndiyo nafasi yake. Akapiga moyo konde, akasogea.

"Mama," alisema kwa haraka, "ni kweli nilikuachia."

Mama mkwe akageuza macho. "Mm."

"Kadi nilikuwa nayo. Niliiona vizuri."

"Mmm."

"Niliogopa. Tangu siku ya kwanza nakuogopa. Kile kisanamu nilikichonga kwa sababu nilikuwa na mengi ya kukuambia na sikujua nianzie wapi. Nilitaka kukwambia kwamba siku ile uliyotuhadithia habari za bweni nilitamani usinyamaze. Na nilitaka kukuuliza wasichana waliopigana kwa ndoo ulifanya nao nini, lakini niliona aibu."

"Mmm! Mm-mm!"

"Jumamosi sitakuachia. Ukilia shauri yako."

Maneno hayo ya mwisho yalimponyoka, hata yeye akashangaa yametoka wapi. Macho ya mama mkwe yalipanuka. Daktari akarudi na kioo, akiwa hana habari.

"Haya mama, sasa tusikie herufi 's' inavyotoka. Sema: sitini na sita."

Mama mkwe akajiweka sawa kwenye kiti. Akamtazama mkwewe, wala si kioo.

"Sitini na sita," alisema, kila "s" ikitoka safi kama mluzi wa refa. "Sitini na saba. Na siku ya Jumamosi sitasamehe mtu."

"Vizuri sana," daktari akasema.

Meno yalikamilika kabla ya Jumamosi. Mama mkwe aliyavaa, akajitazama, akasema yanabana kidogo upande wa kushoto. Fundi akayasugua pale, mama mkwe akayavaa tena. Jumamosi ilipofika akakaa mezani kabla ya wote, kadi zake zimepangwa.

Koki na dada yake walitolewa mapema, na sidhani kama walijitahidi sana kubaki. Walisogeza viti wakae watazame. Matroni kwa Rubani wa Mwezini, uwanja Kasri la Barafu. Mama mkwe alianza kwa moto. Alitumia funguo, akatumia ndala, akatumia "Taa zimezimwa" mara mbili mfululizo, maana alikuwa amekuja na hamu ya kumfunza mtu adabu. Fundi Meno alikimbia. Alizunguka mnara, akapita daraja, akakaa mbali, mahali ambapo tochi haifiki, na kila alipopata nafasi alimtupia pigo moja dogo.

"Mbona unakimbia? Njoo hapa kama mwanamume!"

"Nije nilazwe? Sina usingizi, mama."

Mke wa fundi alimfinya mdogo wake chini ya meza. Hawakuwa wamewahi kumsikia Fundi Meno akiongea hivyo na mama.

Kadi za tochi zikamwishia mama mkwe. Akashtuka mkono wake hauna kitu cha maana, na Rubani amesimama juu ya mnara. Fundi akaweka kadi. Ilikuwa ile ile.

"Kwisha habari yako!" alipiga kelele, akaruka na mikono juu, kiti kikaanguka nyuma yake.

Kisha akasikia alichosema, na aliyemwambia ni nani. Mikono ikabaki hewani. Koki aliacha kutafuna. Mama mkwe alikuwa akikitazama kisanamu chake kilichoangushwa chali, funguo juu.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Akacheka. Alicheka mpaka akashika mdomo kwa kiganja, kwa kuwa meno yalikuwa mageni na hakuwa na hakika nayo, na nyuma ya kiganja akaendelea kucheka hadi machozi yakamtoka. "Kwisha habari yangu," alisema akijifuta. "Mimi! Jamani! Kwisha habari yangu!" Na fundi akaketi kwenye sakafu, kwa kuwa kiti kilikuwa kimekwenda mbali.

Walipotulia, mama mkwe alikiinua kisanamu, akakifuta kwa upindo wa kitenge chake.

"Haya. Mpeni udhaifu."

"Upi, mama?" Koki akauliza. "Mgongo?"

"Koma na mgongo wako. Andika hivi: mtoto akilia, Matroni anaacha zamu yake."

Binti yake akashika kalamu, lakini hakuandika.

"Wale wapya," mama akaeleza, akikigeuza kisanamu vidoleni. "Wanaletwa wadogo, hawajawahi kulala nje ya kwao. Taa zikizimwa unamsikia mmoja kule mwisho, amejiziba na mto. Mwingine anadhani hasikiki. Sikuwahi kuweza kupita. Unaweza kuwa na bweni zima linapigana, bomba limepasuka, mimi nimekaa kwenye ukingo wa kitanda cha mtoto wa watu namshika mguu mpaka alale. Mara nyingine kunapambazuka nipo pale."

Binti yake alikuwa ameinamia kadi tupu.

"Kumbe ndiko ulikokuwa," alisema. "Sisi huku tulikuwa tunakusubiri dirishani. Koki analia, mimi namwambia mama amechelewa kwa sababu ya mvua. Hata pasipokuwa na wingu."

"Najua," mama akasema. Sauti yake ilishuka. "Nilikuwa nalijua hilo, mama. Nilikuwa najiambia nyie mko wawili."

Alimwita binti yake "mama", kama alivyokuwa akimwita utotoni. Binti akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, akaandika kadi kwa herufi kubwa, akaipuliza wino ukauke. Koki aliichukua akaisoma, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuvumilia huzuni ndefu, akajifunika uso kwa mikono na kuanza kulia kwa sauti ya mtoto mchanga.

"Na mtu mzima akilia," mama yake akaongeza bila kugeuka, "anapigwa mara mbili. Andika na hiyo."

Ikaandikwa.

Fundi Meno alikuwa bado sakafuni. "Mama," akasema, "hilo bweni lenyewe lilikuwaje? Mlango ulikuwa upande gani?"

"Mbona unauliza?"

"Matroni hana uwanja wake. Anahangaika kwenye makasri ya watu."

Mama mkwe akawaza. Akamwambia amletee karatasi kubwa, na fundi akaenda kutoa ile ya kufungia plasta. Wakaitandaza mezani, wakaweka vikombe kwenye pembe isijikunje. "Mlango huku," mama mkwe alianza, akimshika mkwewe mkono wenye kalamu na kuusogeza, kwa kuwa alikuwa anachora vibaya. "Hapana, huku. Hapa vitanda, safu mbili. Hapa bomba. Wale wa ndoo walipigania hapa, na ulitaka kujua nilifanya nao nini: niliwapa dekio moja, wote wawili walishike pamoja. Chora dekio. Na dirisha hili halikufungika kamwe, mtu wa kitanda hiki alilala amevaa sweta."

Binti akasogea kuchora sweta. Chakula kilipokuwa tayari meza haikuwa na nafasi hata ya kijiko, wakala sahani zikiwa mapajani, na mama mkwe akatafuna polepole upande wa kushoto, akijaribu, huku kidole chake kikimwonyesha mkwewe mahali ambapo ngazi zilikuwa bado hazijachorwa.